Walioitwa Wazito: Historia ya Kuelewa Matatizo ya Kusoma na Kuandika kwa Watoto wa Shule

Tarehe 7 Novemba 1896 jarida la British Medical Journal lilichapisha maelezo mafupi ya W. Pringle Morgan, daktari wa Seaford, mji mdogo wa pwani ya kusini mwa Uingereza. Yalimhusu mvulana wa miaka 14 aliyetajwa kwa jina la Percy. Kijana huyo alikuwa mwepesi wa akili na hodari michezoni, na chochote alichofundishwa kwa mdomo alikishika bila taabu. Tangu akiwa na miaka 7 alikuwa akifundishwa kusoma, shuleni na kwa walimu wa nyumbani. Hata hivyo, baada ya miaka yote hiyo, aliweza kusoma vijineno vichache tu. Alipoandika jina lake mwenyewe alibadili mpangilio wa herufi akaandika Precy, na hakuliona kosa hadi alipoonyeshwa zaidi ya mara moja. Tarakimu hazikumpa shida kama hiyo: alipotakiwa kuzidisha 749 kwa 867, alifanya upesi na kupata jibu sahihi. Mwalimu wake alisema kwamba kama masomo yote yangekuwa ya kusikiliza na kujibu, Percy angewapita wenzake wote shuleni.

Upya wa habari hiyo ulikuwa kwamba Percy hakuwahi kuumia wala kuugua. Madaktari wa Ulaya walikuwa tayari wameandika mengi kuhusu watu wazima waliopoteza uwezo wa kusoma kutokana na jeraha la kichwa au kiharusi. Adolf Kussmaul, tabibu wa Kijerumani, aliiita hali hiyo upofu wa maneno mwaka 1877, na miaka 10 baadaye Rudolf Berlin, daktari wa macho wa Stuttgart, akaiandikia kitabu kilichoitambulisha kwa jina la disleksia. Mjini Paris, Jules Dejerine alimfuatilia mfanyabiashara wa vitambaa ambaye siku moja ya Oktoba 1887 alijikuta hawezi kusoma hata neno moja. Watu na vitu alivitambua. Kuandika pia aliweza, tena kwa mtiririko, lakini akirudishiwa karatasi aliyoiandika mwenyewe aisome, alishindwa. Alipopitisha kidole juu ya herufi, akilifuata umbo lake kama anayeiandika, ndipo alipoijua. Mtu huyo alifariki mwaka 1892, na ubongo wake ulipochunguzwa ulikutwa na jeraha sehemu ya nyuma, upande wa kushoto, pamoja na kwenye nyuzi zinazounganisha pande mbili za ubongo. Kusoma, basi, kulikuwa na mahali pake ndani ya kichwa, na mahali hapo pangeweza kuharibika huku mengine yote yakibaki salama.

Morgan alikuwa amesoma makala ya James Hinshelwood, daktari wa macho wa Glasgow, iliyotoka mwaka 1895 katika The Lancet na kueleza kisa cha mwalimu wa lugha aliyepoteza uwezo wa kusoma ghafla akiwa na miaka 58. Kutoka hapo alipiga hatua moja ya kufikiri: kile ambacho jeraha humnyang'anya mtu mzima, huenda mtoto mwingine amezaliwa bila kuwa nacho. Mwaka huohuo wa 1896, James Kerr, daktari wa shule za Bradford, naye aliandika kuhusu wanafunzi wenye akili timamu walioshindwa na herufi.

Haikuwa bahati kwamba watoto hao walionekana wakati huo. Uingereza ilikuwa imepitisha sheria ya shule za msingi mwaka 1870, ikawalazimisha watoto wa miaka 5 hadi 10 kuhudhuria mwaka 1880, na kuondoa ada katika shule nyingi mwaka 1891. Kwa karne nyingi kabla ya hapo, mvuvi au mfuma nguo asiyejua kusoma hakuwa na kasoro yoyote machoni pa majirani zake, kwa kuwa nao wengi hawakujua. Shule ilipofunguliwa kwa wote, na kila mtoto akakalishwa mbele ya kitabu kilekile kwa umri uleule, ndipo ilipobainika kwamba wapo wanaobaki nyuma bila sababu iliyo wazi. Hali hiyohiyo ilikuja kujirudia Afrika Mashariki katika karne ya 20.

Hinshelwood aliendelea kukusanya visa, na mwaka 1917 akatoa kitabu kuhusu upofu wa maneno wa kuzaliwa nao. Humo alieleza familia ya watoto 11 ambamo wanne wa mwisho wote walikuwa na tatizo hilo, jambo lililoashiria kwamba linarithiwa. Alishauri mtoto wa namna hiyo afundishwe peke yake, kwa vipindi vifupi vya mara kwa mara, akianza na herufi mojamoja. Ushauri huo ulikuwa mzuri kuliko nadharia iliyokuwa nyuma yake. Kwa kuwa wachunguzi wa kwanza karibu wote walikuwa madaktari wa macho, walilifikiria tatizo kama la kuona: ubongo unashindwa kuweka akiba ya picha za maneno. Wazo hilo lilichukua zaidi ya miaka 60 kung'oka, na miongoni mwa watu wengi bado halijang'oka. Ndiyo maana mpaka leo mzazi ambaye mwanawe hasomi humpeleka kwanza kupimwa miwani.

Kulikuwa na upungufu mwingine mkubwa zaidi. Waliofika kwa daktari wa macho na kuandikwa majaridani mara nyingi walikuwa watoto wa familia zenye uwezo. Mtoto wa kibarua mwenye shida ileile hakupelekwa kwa daktari. Alirudishwa darasa, alichapwa, au alihesabiwa kuwa na upungufu wa akili. Vipimo vya akili vilivyoanza na Alfred Binet na Théodore Simon mjini Paris mwaka 1905 vilikusudiwa kuwatambua wanaohitaji msaada, lakini vilipoenea vikawa mara nyingi muhuri wa kumfungia mtoto mlango.

Aliyekataa kuuamini muhuri huo ni Samuel Orton, daktari wa magonjwa ya akili wa Marekani. Januari 1925 alipeleka kliniki ya kuhamahama katika wilaya ya Greene, jimbo la Iowa, akawaomba walimu wamletee wanafunzi wanaofeli. Mmoja wao alikuwa kijana wa miaka 16 ambaye hakuweza kusoma. Kipimo cha akili kilimweka miongoni mwa wazito, lakini Orton alipozungumza naye na kumuuliza jinsi ya kurekebisha mitambo, alipata majibu ambayo mtu mzito hawezi kuyatoa. Aliona pia kwamba wengi wa wanafunzi hao huchanganya b na d, husoma maneno kinyumenyume, na wengine husoma kwa urahisi zaidi maandishi yakionekana kwenye kioo. Maelezo yake yalikuwa kwamba kila upande wa ubongo huhifadhi taswira ya herufi, mmoja ikiwa imegeuka, na kwa watoto hawa upande wa kushoto haujapata nguvu ya kuutawala wa kulia.

Nadharia hiyo haikusimama. Watoto karibu wote hugeuza herufi wanapoanza kujifunza, na wenye disleksia hufanya hivyo kwa sababu wamechelewa kufika pale wenzao walipokwisha kupita. Lakini Orton alikuwa na jicho la kutazama darasa, na hapo hakukosea. Shule za Marekani wakati huo zilikuwa zimehamia mtindo wa kumfundisha mtoto kutambua neno zima kwa sura yake bila kulichambua. Mwaka 1929 Orton aliandika kwamba mtindo huo wenyewe huwaumiza baadhi ya watoto. Pamoja na walimu Anna Gillingham na Bessie Stillman, utaratibu mwingine ulijengwa: mtoto huiona herufi, huitamka sauti yake, huisikia, na papo hapo huiandika kwa mkono, kisha huunganisha sauti chache alizozimudu kuwa maneno kabla ya kupewa nyingine. Mwongozo wao ulianza kutoka miaka ya 1930, na mbinu za kufundisha zilizotokana nao zinatumika bado, ingawa maelezo ya Orton kuhusu ubongo yamekwisha kuachwa.

Huko Denmark, katika miaka hiyohiyo, kazi ilianzishwa na mtu aliyelijua tatizo kwa mwili wake. Edith Norrie alimaliza utoto bila kuweza kusoma, akajifundisha mwenyewe akiwa mtu mzima, kisha akafungua taasisi ya kuwasaidia wengine mjini Copenhagen. Aliunda kisanduku cha herufi zilizopangwa kufuata mahali sauti inapotokea kinywani: za midomo pamoja, za meno pamoja, za kooni pamoja, na irabu zikiwa na rangi yake. Ndani mlikuwa na kioo kidogo ili mwanafunzi autazame mdomo wake anapotamka, ahisi tofauti ya p na b kabla ya kuchagua herufi. Wakati wataalamu walikuwa bado wanabishana kuhusu macho, mwanamke huyu alikuwa tayari amewarudisha wanafunzi wake kwenye sauti.

Baada ya vita vya pili vya dunia mjadala ulitoka kliniki ukaingia kwenye siasa ya elimu, na walioubeba ni wazazi. Mwezi Aprili 1963 wazazi kutoka sehemu mbalimbali za Marekani walikutana Chicago, na mwanasaikolojia Samuel Kirk akawapendekezea watumie jina pana la ulemavu wa kujifunza badala ya orodha ya majina ya kutisha yaliyokuwa yakiwaelezea watoto wao kuwa na ubongo ulioharibika. Sheria ya mwaka 1975 iliwapa watoto wote wenye ulemavu nchini humo haki ya elimu ya umma, na ulemavu wa kujifunza ukawa miongoni mwa uliotambuliwa.

Uingereza njia ilikuwa na miiba zaidi. Kituo cha watoto wenye upofu wa maneno kilifunguliwa London mwanzoni mwa miaka ya 1960, na daktari Macdonald Critchley akauandikia umma vitabu, lakini maofisa wengi wa elimu waliiona disleksia kuwa kisingizio cha wenye nazo kwa watoto wao wasiofaulu. Takwimu zilisema vingine. Uchunguzi ulioongozwa na Michael Rutter katika kisiwa cha Wight katikati ya miaka ya 1960 ulikuta watoto wapatao 4 katika kila 100 wakiwa nyuma sana kwa kusoma kuliko akili yao ilivyotarajiwa kuwafikisha. Kipimo hichohicho kilipotumika katika mtaa wa London wenye hali duni, idadi ilikuwa zaidi ya mara mbili. Waliokuwa wengi ni watoto wa maskini, na hao ndio waliokuwa hawana wa kuwasemea.

Uchunguzi huo, hata hivyo, ulibeba dhana iliyokuja kuleta madhara. Mwaka 1968 shirikisho la kimataifa la wataalamu wa mishipa ya fahamu lilifafanua disleksia kuwa shida ya kusoma kwa mtoto mwenye akili ya kutosha, aliyefundishwa vizuri na asiye na dhiki ya maisha. Kwa tafsiri hiyo mtoto wa kijijini mwenye mwalimu mmoja kwa darasa la watoto 90 asingeweza kamwe kuhesabiwa, hata kama shida yake ni ileile. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980, Linda Siegel na Keith Stanovich wa Canada walionyesha kwamba watoto wenye alama za juu na za chini za akili hukwama kusoma kwa namna moja. Ripoti ya Jim Rose iliyotolewa Uingereza mwaka 2009 ilikubali kwamba disleksia ipo katika viwango vyote vya akili, na mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani wa mwaka 2013 uliiondoa kabisa hesabu ya kulinganisha kusoma na akili.

Mageuzi makubwa ya uelewa yalikuja katika miaka ya 1970, na yalianza kwa mchezo wa kugonga meza. Isabelle Liberman na wenzake wa maabara ya Haskins, Marekani, waliwapa watoto wadogo kijiti na kuwaambia wagonge mara moja kwa kila sehemu ya neno wanalolisikia. Kundi moja lilitakiwa kugonga silabi, jingine kugonga sauti mojamoja. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1974 yalikuwa wazi: karibu nusu ya watoto wa miaka 4 waliweza kuhesabu silabi, lakini hakuna hata mmoja aliyeweza kuhesabu sauti. Kufikia miaka 6, baada ya kuanza kufundishwa kusoma, 90 kati ya 100 walimudu silabi na 70 walimudu sauti. Mtu akizungumza, sauti huingiliana. Sikio hupokea ba kama kitu kimoja, wala b haisikiki peke yake mpaka akili ifundishwe kuitenga. Alfabeti inamdai mtoto kitu ambacho mazungumzo hayajawahi kumdai.

Hapo ndipo wenye disleksia wanapokwama. Frank Vellutino alipitia ushahidi wote katika kitabu chake cha mwaka 1979 na kuonyesha kwamba watoto hao wanaona herufi kama wengine: wakipewa maandishi ya lugha wasiyoijua wayanakili, hufanya sawa na wenzao. Shida hutokea pale umbo linapotakiwa kuitwa kwa sauti. Miaka minne baadaye Lynette Bradley na Peter Bryant wa Oxford walichapisha kazi ambayo bado ni mfano wa uchunguzi mzuri. Waliwapima watoto wapatao 400 kabla hawajajua kusoma, kwa kuwasomea maneno machache na kuwataka wataje lisilofanana na mengine kwa sauti. Waliofanya vibaya ndio waliokuja kuchelewa kusoma miaka michache baadaye. Kisha 65 kati ya wale dhaifu waligawanywa katika makundi, na kwa miaka miwili baadhi yao wakafundishwa kupanga maneno kwa sauti. Walioendelea zaidi ni wale waliofanya hivyo huku wakishika herufi za plastiki mkononi, sauti na umbo vikienda pamoja. Gillingham na Norrie wangeitambua mbinu hiyo mara moja.

Sayansi ya mwili ilifuata. Albert Galaburda wa Boston alichunguza ubongo wa watu wachache waliofariki wakiwa na historia ya disleksia, na kuanzia mwaka 1979 akaeleza vijisehemu vya chembe zilizokaa mahali pasipo pake katika maeneo ya lugha, mpangilio unaotokea mtoto akiwa bado tumboni. Tafiti za mapacha zilithibitisha urithi uliodokezwa na Hinshelwood. Finland ilienda mbali zaidi: katika mji wa Jyväskylä, Heikki Lyytinen na wenzake waliwafuatilia watoto wapatao 200 tangu kuzaliwa, nusu yao wakiwa na mzazi mwenye disleksia, na zaidi ya theluthi moja ya hao waliokuwa hatarini walipata shida kubwa ya kusoma walipofika shule. Dalili zilionekana kabla ya hapo, katika namna walivyozijua herufi na kutaja vitu kwa kasi.

Kifini huandikwa karibu kama kinavyotamkwa, na jambo hilo lilifungua ukurasa ambao wasomaji wa Kiswahili wanapaswa kuujali kuliko mwingine wowote katika historia hii. Karibu kila kilichojulikana kuhusu disleksia kilikuwa kimetokana na Kiingereza, lugha ambayo tahajia yake ni ngumu kuliko nyingi. Uchunguzi wa Philip Seymour na wenzake uliotolewa mwaka 2003 ulilinganisha watoto wa nchi mbalimbali za Ulaya mwishoni mwa mwaka wa kwanza shuleni. Watoto wa Kifini, Kiitalia, Kihispania na Kigiriki walisoma kwa usahihi zaidi ya maneno 90 katika 100. Watoto wa Scotland waliojifunza Kiingereza walisoma takribani theluthi moja tu. Heinz Wimmer wa Austria alikuwa tayari ameonyesha mwaka 1993 kwamba mtoto wa Kijerumani mwenye disleksia hakosei sana: husoma sawasawa lakini polepole mno, na tahajia humshinda. Mwaka 2001 Eraldo Paulesu na wenzake walipiga picha za ubongo wa watu wazima wa Uingereza, Ufaransa na Italia wanaposoma. Waitalia wenye disleksia walisoma vizuri kuliko wenzao wa nchi zile mbili, lakini sehemu ya ubongo iliyofanya kazi chini ya kiwango ilikuwa ileile kwa wote. Ulemavu ni mmoja, na tahajia ya lugha ndiyo inayoamua utaonekana kwa sura gani.

Kiswahili kiko upande wa Kifini. Kwa karne nyingi kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu, ambazo katika matumizi ya zamani hazikutofautisha vizuri e na i, o na u, wala p na b, hivyo msomaji alihitaji kuyajua maneno kabla ya kuyasoma. Herufi za Kilatini zilisambazwa na wamisionari kama Ludwig Krapf aliyefika Mombasa mwaka 1844 na Edward Steere wa Unguja, na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliyoanza kazi mwaka 1930 ikasanifisha tahajia. Irabu zikawa 5, kila moja na herufi yake, na silabi nyingi sana zikaishia na irabu. Ndiyo maana mwalimu wa darasa la kwanza akaweza kuandika ubaoni ba be bi bo bu, darasa zima likaimba, na ndani ya miezi michache wengi wakasoma baba na babu. Mbinu hiyo inaenda sambamba na kile ambacho majaribio ya Liberman yaligundua: silabi huja mapema, sauti moja huja kwa kufundishwa.

Lakini wepesi huo una pande mbili. Mtoto mwenye kumbukumbu nzuri anaweza kuimba safu nzima ya silabi, hata kusoma kitabu cha darasa kwa kukariri, pasipo kujua herufi ipi inatoa sauti ipi. Shida hujitokeza silabi zinapobadilika sura. M ya mtu husimama peke yake kama silabi, ilhali m ya mbuzi imeshikamana na b. Kuna ng ya ngoma na ng' ya ng'ombe, kuna ny, sh, dh na gh, halafu vinakuja vifungu kama ngw na nyw vinavyodai herufi tatu kabla ya irabu. Mwanafunzi mwenye tatizo huandika chuga kwa chungwa na malimu kwa mwalimu, leo hivi na kesho vingine, hata katika mstari mmoja. Na Kiswahili hujenga maneno marefu. Akikutana na hawakutuandikia, hulisoma silabi baada ya silabi kwa usahihi, na anapofika mwisho amesahau mwanzo, au hushika hawaku kisha hubahatisha kilichobaki. Mwalimu anayesikiliza hukiri kwamba mtoto anajua kusoma. Anajua, ila sentensi moja imemmaliza nguvu na maana haikubaki.

Shule za Afrika Mashariki zilichukua muda mrefu kufika kwenye uelewa huo. Elimu maalumu ilianza na ulemavu unaoonekana: shule ya wasioona ya Buigiri, Dodoma, ilianzishwa mwaka 1950, na shule ya viziwi ya Buguruni, Dar es Salaam, mwaka 1974. Mwaka huo wa 1974 Azimio la Musoma liliharakisha mpango wa elimu ya msingi kwa wote, uliotekelezwa kuanzia 1977, na madarasa yakajaa watoto ambao wazazi wao hawakuwahi kukaa darasani. Nchini Kenya, vituo vya kupima mahitaji ya wanafunzi wenye ulemavu vilianza mwaka 1984 na taasisi ya kufunza walimu wa elimu maalumu, KISE, mwaka 1986, vyote kwa msaada wa Denmark. Wimbi la pili lilikuja ada zilipoondolewa. Wanafunzi wa shule za msingi Tanzania waliongezeka kutoka takribani milioni 4.4 mwaka 2000 hadi zaidi ya milioni 7 mwaka 2005, na Kenya ilipokea zaidi ya milioni moja wapya mwaka 2003 peke yake.

Madarasa yalipofurika, walioshindwa kusoma walikuwa wengi mno kwa mwalimu kuuliza sababu ya kila mmoja. Tathmini ya mpango wa Uwezo ya mwaka 2010 ilikuta kwamba nchini Tanzania takribani watoto watatu tu kati ya 10 wa darasa la tatu waliweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya darasa la pili. Disleksia kwa kawaida hukadiriwa kuwapata watoto 5 hadi 10 katika 100. Waliobaki katika hesabu hiyo hawakuwa na ulemavu: walikosa vitabu, walikosa nafasi ya kusikilizwa mmoja mmoja, walifundishwa kwa lugha wasiyoizungumza nyumbani. Wenye ulemavu walifichika katikati yao, wakiitwa wavivu, wazito au vilaza kama wengine wote. Hili ndilo tatizo la kipekee la eneo hili, na vitabu vya Ulaya havina jibu lake, kwa kuwa viliandikwa kwa madarasa ambamo anayeshindwa ni mmoja au wawili.

Kazi ya kupima kwa Kiswahili chenyewe ilianza miaka ya 1990, pale watafiti wa Tanzania na Uingereza walipotaka kujua athari za minyoo kwa masomo ya watoto wakakuta hakuna mtihani wa kusoma unaofaa. Mitihani waliyoitunga ilielezwa mwaka 2000. Katie Alcock na Damaris Ngorosho waliendelea na tahajia, na katika tafiti zao za mwaka 2003 na 2007 walionyesha kwamba kuandika lugha yenye tahajia nyoofu si kazi ndogo: makosa ya watoto yalijikusanya kwenye konsonanti zinazofuatana, na pale matamshi ya nyumbani yanapoachana na Kiswahili sanifu. Jambo hili la pili lina uzito katika kutambua ulemavu. Mtoto wa Kikuyu anayeandika rara kwa lala, au wa Kijaluo anayeandika samba kwa shamba, anaandika anachokitamka, na makosa yake yana utaratibu. Mwenye disleksia hana utaratibu huo. Imla ya dakika 10, ikikusanywa wiki kwa wiki na kulinganishwa, humwonyesha mwalimu tofauti hiyo bila kifaa chochote cha gharama.

Serikali zilianza kulitaja tatizo kwa jina katika muongo uliofuata. Sera ya Kenya ya elimu ya mahitaji maalumu ya mwaka 2009 iliuweka ulemavu wa kujifunza katika orodha yake, na Tanzania ilitoa mkakati wa elimu jumuishi mwaka huohuo. Mwaka 2015 Tanzania ilianza mtaala wa darasa la kwanza na la pili uliojikita katika kusoma, kuandika na kuhesabu, ambao ulianza na sauti za herufi kabla ya silabi na kupima idadi ya maneno ambayo mtoto anayasoma kwa dakika moja. Kipimo hicho cha kasi kinaifaa lugha hii hasa, kwa sababu humkamata yule asomaye kwa usahihi lakini kwa kujikokota. Kutoka Jyväskylä ulikuja pia GraphoGame, mchezo wa simu unaomfanya mtoto asikie sauti na kugusa herufi yake, ambao toleo lake la Kiswahili limejaribiwa katika shule za Kenya na Tanzania.

Kilichobaki kigumu zaidi ni hatua ya baada ya shule ya msingi. Mwanafunzi wa Tanzania aliyefaulu kujikongoja na Kiswahili huingia kidato cha kwanza na kukuta masomo karibu yote kwa Kiingereza, lugha ambayo herufi zake hazitabiriki. Udhaifu uliofunikwa na tahajia nyoofu kwa miaka yote ya shule ya msingi hujitokeza wote kwa pamoja, katika umri ambao walimu hawatarajii tena kufundisha kusoma, na mara nyingi huandikwa kuwa ni Kiingereza kibovu. Kumtenganisha na wenzake ambao hawajaizoea lugha hiyo kunahitaji apimwe kwa Kiswahili kwanza: kasi ya kusoma aya, imla yenye konsonanti zilizofuatana, na maneno ya kubuni ambayo hajawahi kuyakariri.